Nyumba Imekua, Waya Umebaki Vilevile

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kuna ndala ambazo hazivaliwi kwenda popote. Zinakaa mbele ya friji. Mgeni akienda kuchukua maji ya baridi anaambiwa, "Vaa ndala kwanza, hilo friji lina shoti kidogo." Anazivaa, anafungua, anakunywa, mazungumzo yanaendelea. Watoto wa nyumba hiyo waliufahamu utaratibu huo kabla hawajajua kuandika majina yao. Hakuna anayeuliza umeme unaofika kwenye mlango wa friji umetokea wapi, wala ulipaswa uende wapi.

Ajabu ni kwamba watu haohao ni mahodari wa kuhesabu umeme. Tangu mita za LUKU zituzoeze kulipa kwanza ndipo tuwashe, kila familia ina mtu wake anayejua yuniti zimebaki ngapi, nani alilala na taa ya nje ikiwaka, na pasi imekula kiasi gani Jumapili jioni. Hesabu hiyo inaishia kwenye mita. Mita ni mali ya TANESCO. Kuanzia hapo kuingia ndani, waya, breka, soketi na kila kiungo ni mali na mzigo wa mwenye nyumba. Huko hatuchungulii mpaka tunuse moshi.

Chanzo cha yote ni jinsi tunavyojenga. Msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, kisha vyumba viwili vinaezekwa na watu wanahamia huku sebule ikiwa bado haina sakafu. Fundi wa kwanza alitandaza nyaya za taa nne na soketi mbili, moja ya televisheni na moja ya kuchajia simu, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo. Miaka ikapita. Likaja friji, kisha birika la umeme, brenda, hita ya bafuni, mashine ya kufulia, mwisho kiyoyozi chumbani kwa wazazi. Uani vikaongezwa vyumba vya wapangaji, navyo vikavutiwa laini kutoka soketi ya sebuleni. Kila nyongeza ilikuwa na fundi wake, na hakuna hata mmoja aliyeacha mchoro. Leo ukimuuliza mwenye nyumba breka ya tatu inahudumia wapi, atakujibu kwa kuizima na kusikiliza nani amepiga kelele.

Waya una kiasi chake cha kubeba. Nyumba zetu kwa kawaida hutandazwa waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Umeme wetu ni wa volti 230. Hita ya bafuni ya wati 5,000, ile ya kuchemsha maji papo hapo iliyotapakaa Arusha, Moshi, Iringa na Mbeya kwenye baridi, inavuta karibu ampia 22 kwa mkupuo. Hiyo inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, kwa waya wa 4 au 6, bila kuchangia na kitu kingine chochote. Kuiunga kwenye soketi iliyo karibu kwa waya wa 2.5 ni kutaka bomba la nusu inchi lijaze tanki la shule. Tofauti ni kwamba bomba halishiki moto.

Hesabu ya ekstensheni ni rahisi zaidi, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake, na iliyo kubwa kabisa ni ya ampia 13, sawa na takriban wati 3,000. Ekstensheni yenye matundu sita haina sita mara 3,000. Yote sita yanagawana hizo 3,000 moja. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja vimeshavuka mpaka. Mzigo ukizidi sana, ekstensheni nzuri itakata fyuzi. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi haina fyuzi ya kukata, na waya wake ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwa nje, kwa hiyo itaendelea kubeba mzigo huku ikichemka taratibu chini ya zulia au nyuma ya kochi. Ukiiacha imeviringwa inachemka haraka zaidi, maana joto halina pa kutokea.

Halafu kuna ile kalamu. Soketi zetu zina vifuniko ndani vinavyofunguka pini ndefu ya juu, ya erthi, inapoingia kwanza. Vimewekwa kwa ajili ya watoto wenye misumari na vijiko. Lakini chaja na redio nyingi zinazoingia nchini zina plagi ya pini mbili za mviringo, na dawa tuliyoipata ni kuchokoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili vifuniko vifunguke. Plagi inaingia, kwa shingo upande, ikiwa imeshikwa nusunusu. Haina erthi, haina fyuzi, na pale pini inapogusa vibaya panatoka cheche ndogo ambazo kwa miezi kadhaa hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya kahawia. Soketi yenye doa la kahawia au inayonuka kama nywele zilizoungua isitumike tena siku hiyohiyo. Adapta inauzwa bei ya soda chache.

Kwa kweli moto mwingi wa umeme majumbani unaanzia mahali padogo kama hapo, kwenye kiungo. Skrubu ya soketi haikukazwa. Nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole juu ya dari na kufungwa kwa tepu, na tepu yenyewe ilishakauka. Panya amekula ganda la plastiki. Mahali pasiposhikana vizuri pana ukinzani, ukinzani unazaa joto, joto linalegeza kiungo zaidi. Magazeti hufunga habari kwa maneno matatu, "hitilafu ya umeme", na msomaji anabaki akidhani umeme ulichachamaa wenyewe.

Hapo ndipo linapokuja kosa ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote. Breka inakata mara kwa mara. Mwenye nyumba anakereka, anaita fundi. Fundi anaitoa ile ya ampia 20, anaweka ya 40, na anasema, "Mama, sasa haitakusumbua." Kweli haitamsumbua. Breka iliwekwa pale kuulinda waya. Ilikuwa ikikata kwa sababu waya ulikuwa unaelemewa. Sasa waya utaungua kwanza na breka ikiwa imewashwa. Ni jambo lilelile walilokuwa wakifanya wazee kwenye fyuzi za zamani, kutia uzi wa shaba wa kuokota au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa waya mwembamba wa fyuzi. Fundi anayetibu breka inayokata kwa kuleta breka kubwa, bila kwanza kuangalia waya na mzigo, mlipe nauli yake na umuage kwa heshima.

Turudi kwenye friji. Ndani ya friji kuna mota na nyaya, na baada ya miaka kadhaa, hasa pwani kwenye unyevu na chumvi, umeme kidogo huanza kuvujia kwenye bodi la chuma. Kazi ya erthi ni kuupa umeme huo njia nyepesi ya kwenda ardhini: kutoka bodi la friji, kupitia pini ile ndefu ya plagi, waya wa kijani au wa kijani na njano, hadi kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba. Kama njia hiyo haipo, umeme unamsubiri mtu aje awe njia. Ndala zinamfanya awe njia mbovu. Siku sakafu imepigwa deki na mtoto amekuja peku, njia inakuwa nzuri.

Nyumba nyingi zina nondo hiyo, angalau kwenye karatasi. Wakati wa kutandaza nyaya mazungumzo huwa hivi:

"Mzee, nondo ya erthi na waya wake bado."

"Fundi, si taa zinawaka bila hiyo?"

"Zinawaka."

"Basi tutaiweka baadaye, kwanza tumalizie jipsamu."

Hiyo baadaye huwa haifiki. Na hata ilipowekwa, nondo ilipigiliwa futi mbili badala ya kuzamishwa yote, au klampu yake ikaliwa na kutu, au ardhi ni mchanga mkavu ambao umeme haupendi kupita. Wapo mafundi wanaomwaga chumvi na mkaa kwenye shimo ili ardhi ipitishe vizuri. Inasaidia kwa muda, kisha chumvi inaila nondo yenyewe. Afadhali kupigilia nondo ya pili mbali kidogo na ya kwanza, mahali penye unyevunyevu, kama karibu na bomba la uani, na kuziunganisha.

Lakini erthi peke yake haitoshi, na hili hata mafundi wazuri huwa hawalielezi kwa mteja. Chukua nondo iliyopigwa kwenye mchanga mkavu, yenye ukinzani wa omu 50. Waya wa moto ukigusa bodi la friji, volti 230 zitasukuma ampia 4.6 tu kwenda ardhini. Breka ya ampia 20 haioni tatizo lolote hapo. Kwake ni kama mtu amewasha pasi. Bodi la friji litabaki na umeme mchana kutwa.

Kinacholiona tatizo hilo ni swichi nyingine, ambayo kwenye maduka ya Kariakoo wanaiita kwa herufi zake, RCCB. Inapima umeme unaotoka na unaorudi. Ukitoka mwingi na kurudi pungufu, ina maana kiasi fulani kimepotea njiani, pengine kupitia mwili wa mtu, nayo inakata nyumba nzima kwa kasi ya kupepesa jicho. Ile ya kumlinda binadamu inakata upungufu unapofika miliampia 30. Ili kupata picha ya udogo wa kiasi hicho: balbu ya zamani ya wati 60 inakula miliampia 260. Yaani robo ya ampia iliyokuwa ikimulika chumba cha kulala ni zaidi ya mara nane ya kiasi kinachoweza kumkwamisha mtu pumzi kikipita kifuani. Breka ya kawaida, yenye kusubiri ampia 20 au 32, haijui kabisa kwamba kuna mtu anapigwa na umeme.

RCCB haifikii bei ya simu janja ya bei ya chini. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Umeme ukikata, inafanya kazi, unairudisha. Usipokata, umenunua pambo. Na ukiifunga kwenye nyumba ya zamani ikaanza kukata ovyo, usimruhusu mtu aitoe. Imekwambia kuna mahali panavuja, pengine tangu mwaka juzi, na ni juu ya fundi kuzima laini mojamoja mpaka apapate.

Fundi yupi sasa? Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi hii ifanywe na mwenye leseni, na leseni hutolewa na EWURA kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Wanaoingia bila leseni, na wale wanaojidai watu wa TANESCO, mitaani tunawaita vishoka. Ombi la kuunganishiwa umeme huhitaji mkandarasi athibitishe kwamba nyaya zimetandazwa ipasavyo na kuzipima. Tatizo ni pale muhuri unapotoka kwa mtu mmoja na kazi ikafanywa na mwingine, naye mwenye muhuri hakuwahi kuukanyaga uwanja wa nyumba. Mwenye nyumba anayefurahia kuokoa elfu kadhaa kwa njia hiyo amenunua karatasi. Kabla hujamlipa, mwombe aliyepiga muhuri aje yeye na kifaa chake cha kupimia erthi, asome namba mbele yako, na aandike kwa kalamu ya rangi kwenye boksi breka ipi inakwenda wapi. Wanaokasirikia ombi hilo wamekurahisishia uamuzi.

Nyaya zenyewe zinunue ukiwa na macho. Kwarua ncha ya waya kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikionekana nyeupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na haibebi mzigo ulioandikwa kwenye ganda.

Haya yote yalikuwa na uzito wake hata zamani, ila sasa mzigo unaongezeka kwa kasi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na mwaka huohuo serikali ilizindua mkakati wa kitaifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sehemu ya nishati hiyo ni umeme. Hapo hoja yangu inakutana na mfuko wa mwananchi: jiko la presha la umeme la wati 1,000 huchemsha maharage kwa takriban nusu yuniti, kwa sababu likishapata presha linajizima na kujiwasha. Kwa mteja wa kawaida hiyo ni chini ya shilingi 200, fedha isiyonunua hata kopo moja la mkaa. Ni jiko zuri. Lakini likiungwa kwenye ekstensheni ileile ya friji na birika, umehamisha moto kutoka jikoni kwenda ukutani.

Tuziangalie bei, maana zina mtego wake. Kwa viwango vilivyodumu tangu 2016, mteja wa kundi la D1, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, na zinazozidi 75 ni shilingi 350 kila moja. Mteja wa kawaida, wa kundi la T1, hulipa 292. Ongeza kodi na tozo: 100 inakuwa 122, na 292 inakuwa takriban 356. Kuanzia Agosti 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa humohumo, na kwa nyumba ya kawaida imekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023.

Sasa wafikirie wapangaji wanne wanaogawana LUKU moja, kila mmoja akitumia yuniti 40. Jumla ni 160. Mita hiyo haiwezi kukaa D1. Kwa bei ya T1 kila mpangaji atachanga zaidi ya shilingi 14,000. Angekuwa na mita yake ya D1, yuniti zake 40 zisingefika 5,000. Wanaoadhibiwa na mita moja ni walewale ambao kundi la D1 liliwekwa kwa ajili yao, kisha wanageuka kugombana wao kwa wao nani ana feni na nani ana pasi. Mwenye nyumba anayeomba mita tofauti kwa vyumba vya uani anamaliza ugomvi huo, na anapunguza mzigo kwenye waya wa sebuleni kwa safari moja.

Kwenye kubana matumizi tunahangaika sana na taa, ambazo tayari tulishazishinda. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya 60, hapo pameisha. Kazi kubwa iko kwenye joto. Ile hita ya bafuni ya wati 5,000, dakika 10 kwa kila mtu, familia ya watano: zaidi ya yuniti 4 kwa siku, kama 125 kwa mwezi. Bafu peke yake limeshaitoa nyumba D1. Kwenye miji ya baridi, hita ya sola juu ya paa ndiyo uwekezaji ningeuanza kabla ya televisheni mpya. Kuhusu ile koili ya kuchovya kwenye ndoo, isipokuwa una hakika na erthi yako na RCCB yako, sina la kuisifia. Watu wametia kidole kwenye maji kuona kama yamepata moto huku koili ikiwa kwenye umeme.

Friji liangalie mpira wa mlango: bana noti mlangoni, ukiivuta ikateleza bila ubishi, baridi inatoka. Lisogeze mbali na ukuta lipate kupumua. Kiyoyozi kiwekwe nyuzi 25 na chujio lake lioshwe. King'amuzi kinachokula wati 10 usiku na mchana, kimezimwa kwa rimoti tu, kinamaliza yuniti 7 kwa mwezi bila kuonyesha hata mechi moja.

Wenye jenereta nao. Kuna plagi ya dume kwa dume, ncha moja jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake umeme ukikatika. Usipokumbuka kuzima meni swichi, umeme wako unapanda kurudi kwenye laini ya mtaa, na transfoma inaukuza mpaka maelfu ya volti mahali ambapo fundi wa TANESCO amepanda nguzo akiamini pamezimwa. Swichi ya kubadilishia, chenjiova, inazuia pande mbili zisikutane kamwe. Hili halina mjadala wa bei.

Mtu akinaswa, usimvute kwa mkono. Zima meni, kama haifikiki, msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki ukiwa umesimama pakavu. Moto wa umeme haumwagiwi maji kabla umeme haujazimwa. Namba ya Zimamoto ni 114, na ingefaa iandikwe palepale kwenye boksi la breka, kando ya majina ya laini.

Najua hela haiji yote siku moja, ndiyo maana nyumba zenyewe zilijengwa kwa vipande. Kama mwezi huu kuna ya kitu kimoja, iwe RCCB. Mwezi unaofuata, nondo ya erthi na kuipima. Wa tatu, laini ya hita au ya jiko, kisha kuzitoa moja baada ya nyingine zile ekstensheni zilizogeuka kuwa nyaya za kudumu. Jipsamu ya sebuleni iendelee kusubiri. Hakuna aliyewahi kupigwa shoti na dari isiyo na maua.